Vyumba Sita Juu ya Mbuga

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wenzangu wa chama, kaeni vizuri, maana leo nikianza sinyamazi!

Mnanijua, mimi ni fundi wa magogo mgodini. Kazi yangu ni kuegemeza miamba isituangukie. Kila asubuhi, kabla wachimbaji hawajaingia, nagonga jiwe la juu kwa mtaimbo. Likilia ngo! ngo! ni zima. Likilia bu, haingii mtu, hata bwana mkubwa afoke vipi. Chini ya magogo yangu hajafa mtu, alhamdulillahi.

Sasa sikieni ujinga wa fundi huyo huyo. Watu walikuwa wanamiminika kufuata dhahabu, hawana pa kulala, nami nikatamani nyumba ya kupangisha. Nikaona kiwanja karibu na soko, tambarare, bei ya kutupa. Kilikuwa kiangazi. Ardhi nyeusi, ile Wasukuma waiitayo mbuga, ina nyufa za kumeza mguu. Mama mkwe wangu, Msukuma mkulima wa pamba, akaniambia, "Baba Kulwa, mbuga hulimwa, hailaliwi." Nikacheka! Nikambembeleza mke wangu tukauza ng'ombe wake, urithi wa marehemu baba yake. Nikasimamisha vyumba sita vya matofali mabichi, milango yote inatazama soko. Niliringa, jamani!

Ndugu zangu, nawaambia, mvua haimwogopi fundi. Udongo ule ulivimba kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Ukuta wa kwanza ukapasuka, wa pili ukainama, na kabla mwezi haujaisha nyumba nzima iko chini. Wapangaji walitoka salama, Mungu mkubwa. Mke wangu hakupiga kelele. Aliwachukua mapacha wetu akarudi kwa mama yake. Alipofika njiani akageuka: "Kule shimoni, ungemwingiza mtu bila kugonga?"

Lo! Lilinichoma. Nilikaa juu ya kifusi nikalia, mtu mzima mimi. Halafu nikaruka! Kumbe dawa ninayo, ila kila jioni naiacha mgodini pamoja na mtaimbo!

Nikapanda mlimani, kwenye udongo mwekundu usiotakwa na mtu. Nikachimba mashimo matatu mpaka kwenye changarawe, nikayajaza maji. Yakanywewa na udongo mchana huo huo! Nikachimba mfereji kwanza, msingi baadaye. Nikajenga vyumba viwili tu, nikaviacha vinyeshewe masika nzima ndipo niongeze. Watu wakanicheka: "Nani atapanga huko kwa nyani?" Mvua ikawajibu. Waliolowa bondeni walipanda na mikeka vichwani, wanagombania vyumba vyangu!

Asanteni ninyi mliobeba milango na miti iliyosalimika mpaka kule juu, wala hamkunisimanga. Mama mkwe, asante, na kile kicheko unisamehe. Somo langu ni hili: ujuzi unaowalinda wenzako kazini, uutumie na kwa mali yako. Usikipende kiwanja kabla hujakichimba.

Na ng'ombe je? Nimewakomboa wote kwa kodi ya vyumba, jamani, na jike mmoja ana ndama! Niliwaswaga mwenyewe mpaka kwa mama mkwe. Mke wangu akatoka, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaninyang'anya fimbo, akawageuza kuelekea kwetu. Mimi nikafuata nyuma na mapacha.