Thobias Ntakije, Mkewe, na Malkia wa China

Maneno haya ameyatunga mjane, Elida. Anayeyasoma ni shemeji yake, Leonardi, naye ameonywa asiruke hata mstari mmoja.

Mzee Thobias Marselino Ntakije alizaliwa Ujiji tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa pili wa Mzee Marselino na Mama Yusta. Alimaliza darasa la saba hapo hapo Ujiji mwaka 1968.

Mwaka 1971 alikwenda kusini kujenga reli pamoja na Wachina. Wenzake walirudi na redio, yeye akarudi na Kichina. Aliajiriwa bandarini Kigoma, fundi wa winchi, mpaka alipostaafu mwaka 2013. Akitoka kazini alisoma vita vya China ya kale na mbinu za majemadari wake. Hakuna chuo kilichomwajiri, ila wahadhiri walipanda treni kuja kumuuliza, na makala zake zilichapishwa ndani na nje ya nchi.

Alifunga ndoa na Elida tarehe 6 Septemba 1980. Wakajaliwa Rahabu na Walter. Na nyumbani akamleta mwanamke mwingine: Fu Hao, malkia aliyeongoza majeshi China, akafa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Amekufa, sawa, lakini kila chakula cha jioni alikuwepo! Fu Hao kashinda huku, Fu Hao kazikwa na mashoka yake. Elida alimwonea wivu, na hafichi.

Siku moja ufukweni Katonga, Elida alikuwa ameanika samaki. Wageni wa mzee wakaja, naye akawapangia vita pale pale: dagaa wakawa maadui, migebuka minono ikawa jeshi la malkia.

"Na mimi niko wapi hapo?" Elida akauliza.

"Wewe si ndiye mwenye samaki, mama Rahabu?"

Wageni wakacheka. Mvua ikawakuta bado wanapigana, samaki wote wakalowa. Elida alinuna mpaka Jumapili.

Mwaka jana mzee aliugua figo, akalazwa. Asubuhi moja muuguzi akampokea Elida mlangoni: "Karibu, malkia. Mzee ametuambia jemadari wake anakuja, tujipange."

Elida akaingia amefura. "Malkia wako alishakufa, baba Rahabu. Mimi ni Elida."

"Najua aliyekufa," akasema taratibu, "na najua anayeniletea uji."

Alifariki tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Elida.

Jana ndugu walitaka kumwekea jenezani picha ya shoka la Fu Hao. Elida akakataa katakata: "Nyumbani kwangu nimemvumilia. Kaburini, hapana!"

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu. Hapa Gungu, pembeni ya kaburi lake, imebaki nafasi moja, nayo ina mwenyewe. Thobias apumzike kwa amani, na apumzike peke yake, mpaka Elida atakapofika.