Starta Iliyotafutwa Siku Tatu

Mbele ya gereji ya Fundi Sikio pana kiti kirefu kilichong'olewa katika basi lililokufa zamani, kikawekwa juu ya rimu nne zenye kutu, na hapo ndipo tuketipo kila alasiri kuuhukumu ulimwengu. Siku ile hasira ilitangulia kahawa. Nyuma yetu, chini ya mnyororo wa kunyanyulia injini, lilisimama gari dogo jeupe la mkunga wa mtaa, mama ambaye watoto wetu wengi waliiona nuru kwanza mikononi mwake. Alilileta Jumatatu libadilishwe breki. Jumanne, breki zikiwa tayari, Fundi akatangaza kwamba limekufa, na tangu hapo mkunga alikwenda kwa miguu kwa wenye uchungu, begi begani. Fundi aliitwa Sikio kwa kuwa hupima injini kwa kuigusisha ncha ya bisibisi na kuweka mpini sikioni, naye alikuwa ameapa: kahawa ikiisha, anaishusha injini ile. Nasi, badala ya kumwombea hekima, tulimchochelea kuni. Sisemi haya ili nimhukumu mtu. Mimi mwenyewe nilikunywa vikombe viwili.

Aliyeleta moto ni Vichwa, muuza magazeti asiyesoma zaidi ya vichwa vya habari.

— Sikilizeni, jamani! Kampuni ile inayotengeneza magari ya walimu na ya teksi, sasa inataka kuunda gari la mbio. Injini katikati, nyuma ya mgongo wa dereva. Tena haibridi, petroli na umeme humo humo!

— Katikati ya nini? Fundi akauliza.

— Ya gari.

— Katikati ya gari wanakaa watu!

— Watakaa wawili tu, mbele yake.

Fundi akaweka kikombe chini kana kwamba kimemtukana.

— Mimi nilifundishwa na marehemu baba mdogo: fungua boneti, inama, sikiliza. Sasa nikifungua boneti nitakuta nini?

— Nafasi ya begi la nguo.

— Nguo! Kwa hiyo nimpime mteja suruali?

Gia Tatu, dereva mstaafu wa lori ambaye maisha yake yote hakuwahi kuiamini gia ya nne, akakohoa kwa uzito.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Upwa na injini wapi na wapi, mzee wangu? Vichwa akauliza.

— Wahenga hawahojiwi, kijana.

Dada wa kahawa akamimina bila kutuangalia.

— Swali langu mimi ni biashara. Kampuni imezoea kutuuzia gari la watu watano na magunia mawili. Hilo la watu wawili litamnunua nani?

— Litanunuliwa na nani, Vichwa akamsahihisha.

— Nimesema litamnunua nani. Ninyi halijaundwa, na limeshawanunua alasiri nzima.

Tulicheka, ila Fundi hakucheka.

— Wanasema wakiona wateja wapo, wataliunda, Vichwa akaendelea. Uzito ukikaa katikati, gari linakata kona kama kisu.

— Kona ipi? Fundi akadakia. Hii yenye shimo? Sikilizeni! Kioo cha pembeni cha gari hili jeupe nilikiagiza lilipokuja mara ya kwanza, huu mwezi wa nne hakijafika. Kioo tu! Mtu ameshindwa kunipa kioo, anahangaika na mbio. Anamkimbia nani?

— Anatukimbia sisi, akasema Gia Tatu. Hamwoni njama? Zamani injini ilikaa mbele, kila mtu anaiona. Sasa inasogezwa katikati. Kesho nyuma kabisa. Keshokutwa inabaki kiwandani! Wewe unapewa kiti na usukani, unaambiwa nenda nyumbani, nguvu itakufuata.

— Na haibridi, mzee? Vichwa akauliza.

— Hiyo ni nyumba ya wake wenza. Petroli akishika kazi, umeme kalala. Umeme akiamka, petroli kanuna. Siku wote wawili wamenuna, utasukuma wewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Fundi akainuka. Shingo yake ilikuwa imevimba kwa ghadhabu ya mtu anayeona ufundi wa mikono yake ukitupwa nje ya mji kama chumvi iliyopoteza ladha, na mimi nilimhurumia.

— Msiende mbali kutafuta ushahidi. Haibridi si ndiyo hii hapa?

Akafungua mlango wa gari jeupe, akaketi, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Dashibodi ikang'aa. Tukatega masikio. Tulimsikia nzi juu ya birika.

— Mmesikia kitu?

— Hatujasikia.

— Maiti! Taa zinawaka, injini kimya. Hiyo ni starta, haiiamshi injini. Na starta yenyewe naitafuta siku ya tatu leo, haipo! Nimelala chini ya gari, nimefungua hiki, nimefungua kile, haipo!

— Imeibiwa, Vichwa akasema.

— Kiwandani, akaongeza Gia Tatu. Wamekwenda kuifunga kwenye lile la mbio.

Vichwa akachungulia dirishani.

— Kuna neno la kijani linawaka hapa.

— Neno si injini! Fundi akafoka, akashuka, akaufunga mlango kwa kishindo. Nasi tulitikisa vichwa kukubali, watu wenye masikio, kila mmoja ana mawili.

Dada wa kahawa akaliinamisha birika. Likatoa tone, kisha halikutoa tena.

— Kahawa imekwisha.

Fundi akaushika mnyororo. Ndipo mkunga akatokea pembeni mwa ukuta, viatu vyeupe kwa vumbi, begi limemlemea bega moja.

— Hodi hapa.

— Karibu, mama. Pole na mguu. Ndiyo kwanza nataka kulipasua.

— Ahsante, baba. Jana nimefika kwa binti wa fundi cherehani nikakuta bibi yake ameshakata kitovu mwenyewe. Mtoto mzima, ashukuriwe Mungu. Lakini yule bibi alikuwa anatetemeka mpaka nilipomshika mikono yote miwili. Haya, gari limefikia wapi?

Fundi akayasoma mashtaka yote: halina starta, halingurumi, halipumui, na kampuni yake imeshapotoka. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mwenye uchungu wa kwanza. Kisha akachungulia dirishani, akalitazama neno la kijani lisemalo gari liko tayari.

— Fundi, mwanangu, mmejaribu kulitia gia?

Vichwa alikunja gazeti. Gia Tatu, aliyelibeba neno lenyewe katika jina lake, aliangalia viatu vyake.

Mkunga akaingia, akaweka begi kando, akavuta gia. Nabii wa kale alingoja katika upepo na katika tetemeko, na aliyekuwa akimngoja akaja katika sauti ndogo. Gari jeupe likarudi nyuma polepole kwa umeme wake usiohitaji starta, kutoka chini ya mnyororo, tusisikie ila kokoto zikisagika chini ya matairi. Akatupungia mkono, akashika njia ya kwa mwenye uchungu mwingine.

Fundi alisimama na bisibisi mkononi, kichwa kimeinamia upande, akisikiliza mpaka gari likapotea.

— Wahenga walisema... Gia Tatu akaanza.

— Mzee, dada wa kahawa akamkatiza akikusanya vikombe, leo waache wahenga wapumzike.