Maneno ya Malkia wa Maroboti

Naliaka alipanda basi Kerugoya akitaka kulala, lakini vijana wawili wa kiti cha mbele walikuwa wakibishania sinema ya zamani ya maroboti.

"Yule model mwenye anaigiza malkia wao ndiye alinifungua macho," alisema Nderitu. "Alisema msichana wa kweli haitishi fare hata ya kuenda mwezini. Kesho yake nikaacha msichana wangu Sophie, maana kila akija alikuwa akiitisha nauli."

Ken akacheka. "Malkia haongei, bwana! Hata kwa gemu ya hiyo sinema ni bubu. Wewe uliona ile DJ ametafsiri kwa Kikuyu na sauti yake mwenyewe. Hiyo ni domo yake, si ya malkia."

Maskini Sophie, Naliaka akawaza, kuachwa na DJ.

Basi liliposimama Sagana, Nderitu aliinuka.

"Ndiyo maana hukuielewa," akasema akishuka, kwa huruma ya dhati. "Wewe uliona picha tu."