Tunguu Nililompa Bi Pindo

Kaeni hapo mbele, wote watatu, mahali ninapoziona nyuso zenu bila kugeuza shingo, na wewe kitinda mimba acha kulia, maana anayelia mapema namtilia shaka kuliko asiyelia kabisa. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja, kwa hiyo nisikilizeni.

Nyumba hii ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Karatasi zake ziko kwa mwanasheria, haziko chini ya godoro hili, kwa hiyo anayelipapasa kila anapokuja kunitandikia shuka apumzishe mikono yake. Nguo zangu gaweni mnavyotaka. Kinachoninyima usingizi ni bustani ya nyuma, pale penye bomba, ambapo kwa miaka ishirini na minne nimepanda maua ya kala, haya meupe mliyoyaita matarumbeta mlipokuwa wadogo. Nililazwa hospitali majuma matatu. Niliporudi nikakuta nusu ya tuta imechimbuliwa. Nikauliza nani kafanya hivi. Mkajibu kwa mdomo mmoja, kama watoto wa darasani: "Bi Pindo."

Ilikuwa rahisi kumtaja. Mtaa mzima unajua kwamba mimi na huyu fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hatujasalimiana vizuri kwa miaka tisa. Alikuja kuniomba mbegu, nikampa tunguu moja, ule mzizi mnene wa kala, nikalikata mbele ya macho yake. Akalifukia siku ileile, likaoza. Akaja mlangoni akaniuliza, watu wakisikia, "Mama, ulinipa tunguu au ulinipa tangawizi ya chai?" Nikamjibu kwamba mkono wake unajua kushona tu, kupanda haujui. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Lakini ninyi mnajua nilichomficha, kwa sababu niliwafundisha mkiwa mmechuchumaa kando yangu. Majani yakigeuka manjano, acha kumwagilia, mmea ulale. Kisha chimbua, pangusa udongo, kata kwa kisu kisafi, kila kipande kiwe na jicho lake, na jeraha ulipake jivu. Tunguu lianike kivulini siku mbili mpaka lifanye ngozi, ndipo ufukie, kina cha vidole vinne, jicho likitazama juu, na maji kidogo tu mpaka lichomoze. Bi Pindo nilimpa tunguu nikamnyima neno. Sikusahau, wanangu. Nilinyamaza makusudi, kwa kuwa uani kwake kulikuwa na jua zuri kuliko kwangu na nilijua maua yake yangeyapita yangu.

Juzi nilijikokota na bakora mpaka kwenye tuta, nikafukua kwa vidole. Matunguu yaliyobaki yamekatwa kwa kisu, na kila jeraha limepakwa jivu. Mwizi gani huyo anayemfunga kidonda aliyemwibia? Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata za nyumba hii ni tatu. Bi Pindo hajui habari ya jivu.

Wewe kifungua mimba, nilikusikia dirishani ukimwambia mwashi, "Hapa tutamwaga zege, gari lipate pa kukaa." Mwenye nia ya zege ana haja gani ya kuponya matunguu? Labda moyo ulikusuta, au labda unataka nidhani hivyo. Wewe wa kati, una vyungu vitatu vipya barazani kwako, na unaniambia ni vya kupandia vitunguu, wewe ambaye hata kitunguu cha mchuzi humenyewa na mumeo! Usicheke, kitinda mimba. Tangu uzaliwe hujaosha kisu ukikitumia, ila safari hii nimerudi nikakuta changu kinang'aa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kumjua mkosaji kabla sijaondoka, lakini nimechoka, na tena nimeona jambo baya kuliko wizi. Aliyechimba ni mmoja. Waliomtwika lawama mwanamke asiyekuwepo ni watatu. Kumnyima mtu neno moja la kumwokoa, hilo mmejifunza kwangu, wala siwezi kumsingizia mwingine.

Kwa hiyo shikeni haya. Tuta lililobaki nimempa Bi Pindo, lote. Mtamchimbulia ninyi wenyewe, kwa mikono yenu, na mtasema mbele ya mtaa mzima kwamba hakuiba. Zege lisubiri mpaka tunguu la mwisho lihame. Aliyechukua nusu ile abaki nayo. Simwulizi tena... ila ajue kwamba namjua. Au nakaribia kumjua.

Nipe maji. Basi, yanatosha.

Radhi yangu mnayo, wote, hata mwenye kisu. Mungu awape watoto wasiowatilia shaka, na... na ninyi msiwape sababu. Msigombane mbele ya wageni. Nyanyua mto kidogo. Hapo.

Sasa nendeni mkamwite Bi Pindo. Msimwambie lolote... habari ya siku mbili, ya kivulini, nataka nimweleze kwa mdomo wangu. Anaweza kukataa kuja. Ana haki. Akikataa... nibebeni mpaka kwake, na kitanda hiki hiki. Siku hizi mimi si mzito.