Nakala ya Mama Clara

Kijiwe cha Maisaka kina benchi moja, birika moja la kahawa na wanasheria wasiopungua wanne, ingawa hakuna hata mmoja aliyesomea sheria. Asubuhi hiyo Sadock, fundi baiskeli, alifanya kosa la kusema mbele yao kwamba anaandikiwa barua ya kuomba nakala ya cheti cha kifo cha mkewe. Cheti chenyewe binti yake Clara alikwenda nacho chuoni Dodoma kuombea mkopo wa masomo, na tangu siku hiyo mzee wa watu alijiona amefiwa mara ya pili. Hilo hakuwaambia. Mwanaume akimlilia mkewe miaka mitatu baada ya matanga, pale kijiweni watamcheka mpaka Krismasi.

Alianza Praygod, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya ng'ombe na akanogewa.

— Nakala haitoki hivihivi. Nenda kwanza polisi, useme cheti kimepotea.

— Hakijapotea. Kiko kwa Clara.

— Hapo ndipo penye kesi. Kisichopotea hakitafutwi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Inaingiaje hapo?

— Inaingia, wewe kunywa kahawa.

Muzamil, mchora mabango ya maduka ambaye kila mtu humwita Rangi, alikuwa na yake.

— Mnamzungusha bure. Muulizeni anaoa lini. Padri hamfungishi ndoa mgane bila cheti.

Akaongeza kwamba ameshadokeza jambo hilo kwa mama mmoja wa Nakwa, mwenye tabia njema na ng'ombe watatu, na ng'ombe amewaona kwa macho yake. Benchi zima likacheka. Sadock naye akacheka, angefanyaje, lakini moyoni aliumia.

Kutoka hapo mambo yakaharibika. Wakili alidai kompyuta ya serikali ikiombwa cheti cha pili huhesabu kifo cha pili, kwa hiyo ndugu watalazimika kuanua matanga upya, na pilau juu. Rangi akabisha kwamba kompyuta itadhani marehemu alifufuka kwanza, na hapo ndipo watakapoitwa wote kuhojiwa.

Wakati huo akavuka barabara Joyce, binti anayechapa barua stationeri ya ng'ambo, mgeni wa mwezi mmoja tu mtaani. Aliwaamkia wote, kisha akamgeukia Sadock na karatasi yake.

— Baba Clara, barua imekwisha, limebaki pengo moja. Jina kamili la marehemu?

Sadock alikuwa na kahawa mdomoni. Wakili akawahi, kama kawaida yake.

— Mama Clara.

— Hilo la mtoto. La kwake mwenyewe?

Wakili akamtazama Rangi. Rangi akatazama kikombe chake. Miaka kumi na minane walikula makande ya yule mama, wakamtania na kutaniwa naye, wakambeba mpaka makaburini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza jina lake.

— Msalaba wake niliuandika mimi, Rangi alisema polepole. Niliandika Mama Clara.

— Najua, Sadock akasema. Ulijitolea, ndugu yangu. Niliona aibu kukusahihisha.

Akaweka kikombe chini. Tangu mtoto azaliwe hata yeye alimwita mkewe Mama Clara.

— Anaitwa Otilia. Otilia Severine. Limebaki kwenye kile cheti tu, ndiyo maana nakitaka. Siendi kuoa wala sina kesi. Nimemkumbuka mke wangu, basi.

Hakuna aliyecheka. Joyce alijaza pengo, akakunja barua na kumkabidhi Sadock kwa mikono miwili. Alipogeuka kuondoka, Rangi alimshika mkoba, akampa kipande cha boksi alichokichana kwenye pakiti ya sigara.

— Dada, niandikie na mimi hilo jina. Herufi kubwa, nisikosee tena.