Christine Ayuma na Nyumba Nne za Mzee Mukhwana

Christine Ayuma amelitumikia shirika hili la misaada kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026, akiwa na umri wa miaka sitini, meno yake yote, na macho ambayo bado yanasoma maandishi madogo ya fomu bila miwani. Anayeandika ni mimi Awinja, mama yake mzazi. Najua kazi hii ya kuandika habari za anayestaafu hufanywa na mfanyakazi mwenzake. Lakini Elvis wa ofisi ya Kakamega alipomwendea Christine kumwuliza habari za maisha yake, alijibiwa aandike tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, inatosha. Ndipo Elvis akaja kwetu Shirere kuniomba mimi ukurasa mmoja. Nilimwambia mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili haingii kwenye ukurasa mmoja.

Alizaliwa Malinya mwaka wa 1966. Mimi niliishia darasa la sita, na karo yake ilitoka kwenye mchanga wa dhahabu niliokuwa nachekecha mtoni, maji yakinifika magotini. Sikuchekecha bure. Kuanzia darasa la kwanza hadi la saba alikuwa nambari moja, isipokuwa darasa la nne alipofanya mtihani na malaria, na hata na hiyo malaria alikuwa wa pili. Walimu wapo, waulizeni.

Shirika lilimwajiri Februari 1995 kama karani wa kuandika orodha za watu wanaohitaji msaada. Alipewa kitabu, kalamu mbili na baiskeli isiyo na breki. Wiki yake ya kwanza alitumwa kwenye uwanja wa kupiganisha mafahali huko kwetu, kwa sababu ndiko watu walikokuwa wamejaa. Wanaume wakapanga foleni ndefu, kila mmoja akitaja jina lake kwa furaha. Aligundua saa nane kwamba walidhani anaandika watu wanaoweka dau. Ofisi nzima ilicheka mwezi mzima, na yeye akacheka nao. Hakuna aliyejiuliza wakati ule ni nini kingine watu walikuwa wanajibu bila kujua wameulizwa nini.

Sasa nafika mahali ambapo Elvis aliniomba nipite haraka, kwa sababu hii ni sherehe. Sitapita haraka.

Ilikuwa mwaka wake wa tisa kazini. Mto ulifurika upande wa Navakholo, na maji yaliporudi nyuma yakaacha ugonjwa wa kuhara. Kijiji sikitaji, wale watu wamesemwa vya kutosha. Shirika lilileta unga, maharagwe, mafuta na dawa ya kutibu maji ya kunywa, na kila kaya ilikuwa na fungu lake. Kaya ni neno la fomu. Kitabu cha mafunzo kilisema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Christine alifundishwa hivyo kwenye semina Nairobi, akapewa cheti, nami nikakitundika ukutani juu ya picha ya harusi yangu.

Alipofika kwa mzee Mukhwana alikuta matanga. Mzee alikuwa amefariki Jumatatu, mwanawe Were akamfuata Alhamisi, wote kwa ugonjwa ule ule. Katika mji huo, yaani boma la mzee, kulikuwa na nyumba nne: ya mzee na mkewe, ya Protus aliye kifungua mimba, ya Isaiah kitinda mimba, na ile ya Were, ambayo sasa ilikuwa ya mjane wake Navalayo. Kila nyumba ilikuwa na mafiga yake, watoto wake na mtungi wake wa maji. Lakini sisi sote tunajua mji wenye matanga hauwashi moto nyumba kwa nyumba. Watu wanapikiwa nje, kwenye sufuria zile kubwa, na wote wanakula hapo, wenyeji na waliokuja kulia nao.

Christine aliuliza kama fomu ilivyomwagiza: je, mnakula chungu kimoja? Protus, kwa kuwa ndiye mkubwa, akasema ndiyo, sote. Ulikuwa ukweli mtupu. Akaandika kaya moja, watu kumi na tisa, kadi moja, fungu moja. Akanywa kikombe cha uji akiwa amesimama, akatoa pole, akaondoka, kwani siku hiyo alikuwa na miji mingine ishirini ya kuandika.

Hakuna aliyedanganya pale, na hilo ndilo linalouma. Jirani ambao hawakufiwa, na kila jiko lao linatoa moshi wake, waliandikiwa mafungu matatu, wengine manne. Mji wenye makaburi mawili mabichi ukapata moja. Na haukuwa mji huo peke yake. Ukipita na ile orodha kijiji kizima, waliozika zaidi ndio waliopewa kidogo zaidi.

Matanga yalipoisha, kila nyumba ilirudi kwenye mafiga yake. Protus ni mtu mwenye haki, aligawa unga kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, mara nne, hata chembe hakujiongezea. Lakini dawa ya maji ilikuwa chupa moja, ya kutosha familia moja. Siku ya sita iliisha. Nyumba ya Navalayo ndiyo iliyokuwa karibu na kisima kilichoingiwa na mafuriko, naye hakuwa na wa kumtuma mbali. Jumamosi asubuhi binti yake Nasambu, mtoto wa miaka mitatu, alianza kuhara. Saa kumi jioni alikuwa ameshakata roho.

Christine alirudi baada ya wiki tatu na kitabu cha awamu ya pili. Aliona kaburi dogo kabla hajafika mlangoni. Alimwuliza Protus kwa nini hawakumwambia kwamba wao ni nyumba nne. Aliyejibu ni Navalayo, kichwa chake bado kimenyolewa.

“Madam, uliuliza chungu. Hukuuliza nyumba.”

Alimsogezea kigoda aketi, maana kwetu mgeni hasimamishwi hata akiwa amekukosea. Christine aliniambia afadhali angepigwa.

Alifika nyumbani nikiwa nimempikia obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku. Hakugusa. Alisema ataandika barua ya kuacha kazi. Nyinyi mnanijua, mimi ni mama wa kujigamba, lakini siku hiyo majigambo yote yaliniisha mdomoni. Nilimwuliza ni nani aliyesema watu wa chungu kimoja ni nyumba moja. Akasema ni kitabu, na kwamba kinatumika dunia nzima.

Nikamwambia, “Hicho kitabu hakijawahi kufiwa.”

Kisha nikamwambia akiondoka watamtuma mwingine na kitabu hicho hicho, na huyo mwingine hatakuwa na habari za Nasambu. Alilia mpaka akalala kwenye kiti. Asubuhi akapanda baiskeli akaenda ofisini.

Aliandika ripoti akaweka jina lake, na mstari wa kwanza ulisema, “Kosa ni langu.” Angeweza kulisukumia kitabu, hakulisukuma. Aliomba mambo mawili. La kwanza, kwamba kabla ya jina la kwanza kuandikwa, wafanyakazi na wenyeji waketi pamoja wakubaliane kila neno la fomu lina maana gani hapo kwao, siku hiyo. La pili, kwamba ukurasa wa mji wa Mukhwana urekebishwe, kutoka kaya moja hadi nne.

La kwanza alipewa baada ya miaka miwili ya kubishana. La pili alinyimwa. Awamu zilizofuata kila nyumba ilipata kadi yake, lakini ule ukurasa wa kwanza haukuguswa. Aliambiwa orodha imefungwa, ripoti imeshapelekwa kwa wafadhili, na mji huo umehesabiwa kama uliohudumiwa kikamilifu.

Lile la kwanza ndilo lililozaa ile mnayoiita Siku ya Kuulizana. Mkubwa wake mmoja aliiita siku ya kupoteza mafuta ya lori. Vijana wa ofisi walimbandika jina la Mama Chungu, na najua wengine wenu mnalitumia mpaka leo akigeuka. Yeye hakukasirika. Aliketi na wazee, akaketi na akina mama peke yao, akauliza. Aligundua ukimwambia mwanamke ainue mkono kama yeye ndiye mwenye shida zaidi, hatauinua mbele ya mke mwenzake hata kama watoto wana siku mbili bila kula. Aligundua watu wakiitikia kwa kichwa unapowauliza kama wamekubali kupigwa picha, hiyo ni adabu tu, kwa sababu mtu wa kwetu hawezi kumwambia mgeni hapana akiwa bado amesimama. Basi akawafundisha makarani waketi kwanza ndipo waulize, na wangoje hapana kwa uvumilivu ule ule wanaongojea nao ndiyo.

Sitaficha upande wa pili. Huko Budalang'i watu walibishana kutwa kuhusu ni nani aitwe aliyehama, kama ni aliyelala kambini au hata aliyelala kwa dada yake. Lori zilisimama na chakula ndani, na watoto wakalala njaa wakiziangalia. Baba mmoja alimrushia Christine kandambili ikampata begani. Aliniambia yule baba alikuwa na haki. Tangu hapo alihakikisha kuulizana kunaisha kabla ya saa sita mchana. Ni jambo zito kuchelewa na ni jambo zito kukosea, na yeye amebeba yote mawili.

Kazi hiyo ilimpeleka Turkana, Garissa na mpaka Juba. Amepanda ndege mara kumi na moja, nimehesabu. Amefundisha makarani mia tatu na kumi, na ukimkuta mmoja wao mahali popote anauliza maswali mpaka umechoka, ujue huyo alipita mikononi mwa binti yangu. Mniletee mama mwingine Kakamega hii mwenye mtoto kama huyo.

Nasikia sasa kuna simu kubwa zitakazouliza maswali zenyewe, na kwamba huenda Siku ya Kuulizana ikaondolewa. Mimi si msomi. Lakini Gentrix, wewe unayechukua kiti chake, nakuomba kama mama: hiyo simu iweke mfukoni asubuhi moja, uketi.

Kuhusu ule ukurasa, Christine hakuacha. Kila Januari ameandika barua kuomba urekebishwe. Nimezipeleka posta nyingine mimi mwenyewe. Ni barua ishirini na mbili. Zamani alijibiwa kwamba haiwezekani. Siku hizi hajibiwi.

Kama Navalayo alimsamehe, sijui. Mwezi uliopita nilikwenda kwake mimi mwenyewe, na magoti haya. Niliketi kwanza. Nikamwuliza kama anakubali jina la mtoto wake liandikwe hapa, nikamwambia akikataa nitakunywa chai yake na kurudi. Alinimiminia chai. Kisha akasema niandike, na nikiandika jina niandike na nyumba.

Elvis ameniambia karatasi hii itapigwa muhuri wa shirika, na nakala moja itawekwa kwenye faili ofisini. Basi naandika. Wakati wa mafuriko, mji wa marehemu mzee Mukhwana ulikuwa na nyumba nne. Nyumba ya mjane wa mzee, watu watatu. Nyumba ya Protus, watu saba. Nyumba ya Isaiah, watu wanne. Nyumba ya Navalayo, watu watano, mmoja wao Nasambu, umri miaka mitatu.

Nawashukuru nyote mliofanya kazi naye, hata mliomcheka, na dereva Andati ambaye hakuwahi kumwacha njiani. Christine, mwanangu, umewatumikia watu katika siku zao mbaya kuliko zote. Wenzako na mimi tunakuombea miaka mingi yenye afya, usingizi mzuri na jirani wema. Januari ikifika, usiandike barua. Imeshaandikwa.