Waliosimama Mlangoni na Walioingia Ndani

Ndugu, majirani na nyote mliofika, nimepewa dakika kumi za kuwasimulia maisha ya dada yangu. Mimi ni mdogo wake wa pekee, fundi cherehani. Nimezoea kushona nguo kuliko maneno, kwa hiyo uzi ukikatika mahali, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Mei 1965, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, karani wa posta, na marehemu mama yetu, mkunga. Tuliishi nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako hata mvua ilinukia sabuni. Alipokuwa na miaka sita mama alimpa ungo wa maharage achambue. Kimya kilipozidi, mama akaenda kumwangalia, akamkuta ameukodolea macho ungo kama anaota.

"Umemaliza?"

"Bado, mama. Yako mia nne na kumi na mbili. Yaliyotobolewa tisa."

"Mimi nimekwambia uchambue, nani kakwambia uhesabu?"

"Sasa bila kuhesabu nitajuaje nimemaliza?"

Nasimuliwa kwamba siku hiyo tulikula saa kumi jioni, na kwamba nililia mpaka nikapata kwikwi. Tangu hapo nyumbani tulimwita Bi Hesabu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, na sekondari hadi 1983. Huko sekondari, mwalimu wa biolojia alimkalisha mbele ya hadubini atazame ngozi ya kitunguu, naye akagoma kuinuka mpaka kengele ya pili. Aliniambia baadaye kwamba aliona mji mzima wenye vyumba vingi na hakuna mtu hata mmoja barabarani. Aliutamani mji ule. Aliingia chuo cha ufundi wa maabara, akahitimu Novemba 1986.

Jumatatu, tarehe 2 Februari 1987, aliajiriwa katika maabara ya hospitali kuu, na hakuhama chumba tena. Kilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, meza mbili, dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Mashuka yakipepea, mwanga ulitembea ukutani na juu ya mikono yake, na ukiingia pale ulijikuta unanong'ona bila kuambiwa. Kuanzia 1998 alipewa kazi aliyoipenda kuliko zote, ya wagonjwa wa saratani ya koo. Kipande chembamba cha uvimbe kiliwekwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Uvimbe ulionekana wa bluu, na chembe za kinga, zile zinazotulinda na maradhi, zikawa za kahawia. Yeye alihesabu zile zilizokuwa zimeingia ndani ya uvimbe. Miaka ikipita, daktari bingwa alifungua mafaili kuona nani yuko hai. Wale ambao chembe nyingi zilikuwa zimeingia ndani, wengi wao waliishi zaidi.

Nilimwomba anieleze kifundi cherehani. Akasema, "Chukulia umepiga yowe nyumbani kwako. Majirani wote wanasikia. Wapo wanaoingia ndani, wapo wanaosimama mlangoni. Chembe nazo ni hivyo hivyo, nyingine huishia ukingoni mwa uvimbe."

"Na wa mlangoni wanasaidia nini?"

"We acha. Hapo ndipo mimi na mwenzangu tunapogombana."

Mwenzake huyo alikuwa mhesabuji wa pili. Utaratibu ulitaka kila kioo kihesabiwe na watu wawili, kila mmoja na daftari lake. Vioo vilikuwa na namba tu, bila jina. Sasa kila wiki namba za bwana yule zilizidi za dada. Dada akiandika arobaini, yeye arobaini na nane. Siku moja dada akamjia juu: "Wewe unahesabu na waliosimama mlangoni!" Bwana akajibu taratibu, "Nao wamekuja, dada yangu." Alipotusimulia jibu hilo, mama alitazama dari akacheka, maana alishajua. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Septemba 2000, shangazi zetu wakiwa wamekwisha kukata tamaa. Mwaka 2002 Mungu akawapa binti.

Machi 2018 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua. Ilikuwa saratani ya koo. Alikubali kuingizwa katika utafiti ule ule wa kuhesabu chembe kama mgonjwa yeyote, na kipande chake kikapewa namba. Kilipaswa kupelekwa kwa wahesabuji wengine, lakini hakuna aliyekumbuka, kwa kuwa kwa miaka ishirini wahesabuji walikuwa hao hao wawili. Aliyebandika namba wiki ile ni shemeji yangu. Yeye alijua. Dada hakujua.

Walihesabu vioo ishirini na vinne, kisha wakafungua madaftari. Kwenye kioo cha kumi na saba dada aliandika tisa. Shemeji aliandika hamsini na nane.

Dada aliyatazama madaftari yale kwa muda mrefu. Mume wake alikuwa akizidisha saba, nane, hakuwahi kuzidisha arobaini na tisa. Akamwuliza, kwa sauti ile iliyobaki, "Hiki ni changu, sivyo?"

Shemeji alilia. Dada akamfuta machozi kwa kona ya koti la maabara, akamsogezea hadubini. "Hesabu tena. Kuna watu watatibiwa kwa kufuata daftari hili. Wahesabu hata na wa mlangoni, sikukatazi." Shemeji akahesabu tena, akapata kumi na tano.

Wagonjwa wenye chembe tisa kama yeye, wengi walikuwa wameishi mwaka mmoja au miwili. Dada alipigwa mionzi, akameza dawa, akaishi miaka sita na ushee. Daktari bingwa alimwambia kwamba nukta yake imekaa peke yake kwenye mchoro wa utafiti, inaharibu mstari. Laiti hamsini na nane ile ingalibaki, nukta ingalikaa vizuri kwenye mstari. Dada akamnong'oneza, "Hesabu ni ya wengi, daktari. Mmoja mmoja tuna visa vyetu." Alimwona binti yake akihitimu uuguzi. Uvimbe ulirudi Januari mwaka huu. Wiki za mwisho alisema akifumba macho anaona uwanja mpana wa bluu, na watu wa kahawia wanakuja taratibu kutoka mbali. Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Nimeumia, na sitajifanya sikuumia.

Ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake mimi, wifi yake na wapwa wawili. Ameacha pia madaftari thelathini na moja, na ndani yake tisa yake imeandikwa kwa wino.

Najua wapo mliosimama getini. Msiba haukosi watu wa getini. Shemeji yangu amekwisha kuwahesabu. Lakini leo ninyi ni wageni wa dada, na dada alihesabu walioingia tu. Karibuni ndani, nyote, tumlaze kwa amani.